Kibali cha Kumwomba Radhi Mpika Halwa

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.
Shaabani inaishaisha.

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Makampuni ya Bima,

KUHUSU: MAKAMPUNI MATATU NILIYOYALINGANISHA KWA NIA SAFI, NA YALIYONIFIKA

Assalaam aleikum. Nakuombea afya wewe na wote walio chini yako, na kama una gari, Mungu akuepushie mikwaruzo, maana wewe ukikwaruzwa sijui utakwenda kumlalamikia nani.

Mimi ni Mahfoudh Wakil, hapa Malindi wananiita Baharia. Sipendi kujisifu, lakini shauri hili hutolifahamu mpaka ujue linaletwa na mtu wa namna gani. Nimefika Karachi, Bombay, Durban, na Hamburg mara moja na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu mara ya pili meli ilifika lakini sisi hatukushushwa. Skuli nimesoma mpaka darasa la saba, na la tano nililisoma mara mbili kwa kulipenda. Kwa hivyo nikikwambia masharti ya bima nimeyasoma, jua nimeyasoma, na pale niliposhindwa kuyafahamu niliyasoma kwa sauti.

Mwezi huu nimepata gari. Ni Suzuki ndogo, rangi ya maziwa, imeshuka bandarini kutoka Japani na plastiki zake bado ziko kwenye viti. Sikuinunua kwa fahari, ingawa fahari ninayo. Binti yangu Nusrat anaolewa baada ya Idi, Mfunguo Mosi inshallah, na mume ni Abdulla, mtoto wa jirani yangu Talib. Abdulla anafanya kazi Bwejuu na huko ndiko watakakokaa. Mimi niliapa barazani, mbele ya watu wazima, kwamba binti yangu hatopelekwa Bwejuu kwa gari ya kuazima. Atapelekwa na baba yake, kwa gari ya baba yake, iliyokatiwa bima kubwa, si hii bima ndogo ya kumlipa mwenzako huku wewe umekaa pembeni ya barabara na usukani mkononi.

Huyo Talib ni mpika halwa. Jiko lake linatazamana na uwanja inapolala gari yangu, na dirisha langu linatazamana na baraza yake. Ni rafiki yangu tangu tuko chuo cha Kurani tukipigwa bakora moja kwa kugawana. Lishike jina lake, Mheshimiwa, maana mambo yote yanaishia kwake.

Sasa, watu wengi hulinganisha bima kwa bei. Hiyo ni kazi ya mtu asiyesafiri. Mimi fundi akinishonea kanzu siiangalii ikiwa imetundikwa, bali naivaa, nnainama, nnanyoosha mikono kama ninayerukuu. Nikasema bima nayo nitaivaa. Nikaenda kwenye makampuni matatu, kila moja nikaomba karatasi ya masharti, nikarudi nayo nyumbani kuishi nayo, nione ipi hainibani kwapani. Majina siyataji, sina haja ya kumvunjia mtu heshima. Nitayaita Ghorofani, Kiyoyozi na Mlango wa Buluu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kampuni ya Ghorofani inakataza samahani.

Imeandikwa wazi: mteja asikiri kosa, asitoe ahadi, wala asimwombe radhi mtu yeyote bila ya idhini ya Kampuni kwa maandishi. Kijana wa pale, mpole, tai yake imemkaba, alinifahamisha kuwa ukimgonga mtu kisha ukamwambia "samahani," umeshajishitaki na umeshajihukumu.

Mheshimiwa, sijui kama unaujua Mji Mkongwe au unaujua kwa gari tu. Vichochoro vyetu vimejengwa kwa mawe, chokaa na samahani. Ukitoka kwenda kununua mkate unampitia bibi na kikapu, Mzungu aliyepotea, baiskeli, na paka aliyekaa katikati kama mwenye nyumba, na kila mmoja unampa samahani yake ndipo unapita. Mimi niliamua kujizoeza kutoisema, ili siku ya siku ulimi usinisaliti. Siku ya kwanza nilikutana na hamali aliyejitwisha friji. Yeye kanyamaza anangoja niseme, mimi nimenyamaza kwa mujibu wa masharti. Tukasimama pale mpaka alaasiri ikaadhiniwa. Msikitini nikamkanyaga imamu kidole kwenye safu, nikamtazama machoni, nikamwambia: "Tukio nimeliona." Ijumaa ile hotuba nzima ilikuwa juu ya kiburi, na imamu hakumtazama mtu mwengine yeyote.

Jambo moja nililifanya vizuri, nalo naomba liandikwe kwa upande wangu. Sikuifanya elimu hii ya peke yangu. Nilikaa barazani nikawasomea watu masharti yote, neno kwa neno, nikawaambia: "Wenzangu, kuanzia leo mwenye chombo cha moto hapa asimwombe mtu radhi, tutakufa maskini." Talib alinisikiliza kuliko wote. Ana Vespa. Akaniambia, "Rejea hapo kwenye radhi, Baharia," nikarejea mara mbili.

2. Kampuni ya Kiyoyozi inakataza kusamehe.

Hawa ni wabaya zaidi, na ofisi yao ina baridi ya kuhifadhia samaki. Wao samahani hawakuitaja sana. Wao wanasema mteja asisamehe wala asiache haki yake yoyote juu ya mtu mwengine mpaka Kampuni iridhie. Mheshimiwa, karatasi hiyo walinipa Shaabani! Mwezi ambao kisiwa kizima kinazunguka mlango kwa mlango kutakana radhi kabla ya Ramadhani, hata aliyekuibia kuku anakuja kukwambia "nisamehe, na alikuwa mtamu."

Watu wakaanza kunijia, kama kila mwaka. "Baharia, mwezi unakwisha, kama nimekukosea nisamehe." Nikawajibu: "Ombi lako limepokelewa." Wengine walicheka. Bi Mwanakheir hakucheka. Huyu ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa, mtu mzima sana sasa, magoti hayana nguvu, na alizipanda ngazi zangu zote moja moja ili aje kunitaka radhi ambayo hata hakumbuki ya nini. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba. Kisha nikamwomba mashahidi wawili na mchoro wa tukio.

Alinitazama kwa huruma, akamgeukia mke wangu, Bi Tabia, akamwambia: "Mwanangu, huyu asomewe." Na nilisomewa. Walikuja watu saba, walikula wali wangu, wakaondoka wakiniombea. Hakuna hata mmoja niliyemsamehe.

3. Kampuni ya Mlango wa Buluu inataka ukweli wote.

Kwao samahani unaweza kuinong'ona, lakini ukificha jambo lolote, bima inavunjika. Nani ataiendesha gari, macho yake yakoje, gari italala wapi, imeshawahi kugongwa na nani. Msichana wa pale anaitwa Nadhira. Alinambia, "Baba, bima ni ukweli mtupu." Basi nikaenda kujizoeza ukweli mtupu. Nikamwambia shemeji yangu kuwa kila akija nahesabu mikate. Nikamwambia fundi wangu wa kanzu kuwa huwa zinanibana naye husema ni mtindo. Bi Tabia akaniuliza kama pilau ya jana ilikuwa nzuri, na mimi nikamjibu kama mteja. Tangu hapo nakula kwa dada yangu Kikwajuni.

Na kuna dharau juu ya dharau. Siku nilipokuwa pale ofisini Nadhira alikuja na kahawa, akajikwaa kwenye waya wa feni, kahawa yote ikaingia kwenye mkono wa kanzu yangu nyeupe. Kabla kikombe hakijatua chini ameshasema: "Samahani baba, nisamehe, nisamehe, nimekuunguza?" Mara tatu! Mbele ya meneja! Akenda kutafuta maji na sabuni, akapiga magoti akanifulia mkono wa kanzu nikiwa nimeivaa. Nauliza, Mheshimiwa: kampuni ambayo mfanyakazi wake anakiri kosa kwa kasi hiyo, kesho itanitetea mimi vipi? Naomba achukuliwe hatua.

4. Halwa.

Hapa ndipo maji yalipofika shingoni. Gari yangu haina bima, kwa hivyo sikuiwasha, mimi ni mtu wa sheria. Lakini jua la Malindi lilikuwa linaichoma, nikasema tuisogeze kivulini. Vijana wakasukuma, mimi nikakaa kwenye usukani nimevaa miwani ya Durban. Nilizungusha ufunguo kidogo tu, ule usukani ufunguke. Vijana wakasukuma kwa mapenzi kuliko nilivyotaka. Nikatafuta breki ya mkono. Imewekwa mahali Mjapani peke yake anapajua. Gari ikarudi nyuma taratibu, kwa heshima kabisa, ikaigusa Vespa ya Talib, na Vespa ikaangukia sinia la halwa lililowekwa barazani lipoe.

Halwa ile ilikuwa ya moto. Ilipanda kwenye bampa, ikateremka kwenye kibati cha namba, ikaingia kwenye matundu ya magurudumu. Nyuki wa Malindi yote wakaja, kisha paka, kisha watoto wa chuo wakiwa na vijiti.

Talib akatoka jikoni na mwiko wake. Mheshimiwa, yule mtu ninamjua uso wake ukiwa na furaha, na homa, na njaa ya Ramadhani. Ule sikuujua. Alisimama kunitazama. Alikuwa ananingoja niseme. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno, nilikuwa nalisikia ladha yake. Lakini nikakumbuka Ghorofani, nikafunga mdomo. Yeye naye akafunga wake. Akaichukua Vespa yake, akaokota sinia, akaingia ndani na mlango akaufunga, mlango ambao sijawahi kuuona umefungwa mchana tangu marehemu baba yake azikwe.

Tangu siku hiyo hatusemezani. Alfajiri tunasali safu moja na tunatoa salamu kila mtu upande wa pili. Halwa ya harusi ya binti yangu haijazungumzwa. Nusrat ameacha kuchagua vitambaa, anakaa na hina yake kwenye bakuli mpaka inakauka. Abdulla anapiga simu kutoka Bwejuu anamuuliza kama wazee wameshasema lolote. Na kuna watu, majina nnayo, wameshaanza kuuliza kwa mbali kama posa bado ipo. Mwezi unatafutwa kesho. Wazee wawili wakiingia Ramadhani wamenuniana, Mfunguo Mosi hakuna harusi, hilo hata wewe unalijua.

5. Gari yenyewe imekiri.

Hili naliandika kwa aibu. Ufunguo ukizungushwa, ndani ya Suzuki kuna mwanamke wa Kijapani anayesema maneno. Gari zote za huko zinaye. Pale pale Vespa ilipoanguka, kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa, yule mama akasema, kwa sauti tamu, sentensi nzima. Watu wakaniuliza, "Baharia, wewe umetembea, kasema nini?" Mimi sikutaka kuonekana sijui. Nikawaambia kasema samahani sana.

Kwa hivyo, mbele ya mashahidi zaidi ya thelathini, gari imeomba radhi na mwenye gari hakuomba. Talib aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango. Sasa nauliza kitaalamu: kukiri kwa gari kunamfunga mwenye gari? Na kama kunamfunga, mbona nimenyamaza bure?

6. Kibali hakitoki.

Nilifanya kama masharti yanavyotaka. Niliandika kuomba idhini ya kusema neno moja, kwa mtu mmoja, mara moja. Na ili nisiidhulumu yoyote kati ya makampuni matatu, niliyaandikia yote matatu. Kiyoyozi hawakujibu. Ghorofani walijibu kwamba jina langu halimo katika wateja wao. Tazama kiburi! Mtu ameyabeba masharti yenu mpaka amegombana na imamu, mnamwambia hamumjui? Mlango wa Buluu ndio kituko kabisa. Yule Nadhira alinipigia simu yeye mwenyewe akanambia, "Baba, si umwambie tu?" Huo ndio ushauri wa kitaalamu!

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, naomba ofisi yako iamuru kama ifuatavyo. Kwanza, kila shehia iwe na mtumishi wa bima wa kuomba radhi, aliyeajiriwa, mwenye kitambulisho, ambaye mtu akikwaruza anakuja mbio kusema samahani kwa niaba ya Kampuni, na akiugua awepo wa zamu. Pili, kuanzia nusu ya Shaabani mpaka siku ya Idi masharti yote yalale, yafunge na sisi. Tatu, na hili ni la haraka: yaletwe magari matatu, moja la kila kampuni, na wakurugenzi wake wamevaa kanzu na kofia, waje Malindi kwa msafara, wasimame mbele ya mlango wa Talib, wagonge, wamuombe radhi kwa ajili yangu kwa sauti moja. Mimi nitakuwa dirishani, nimenyamaza, nimetii. Wakimaliza wapite kwa Bi Mwanakheir, kisha kwa imamu, na yule hamali wa friji nitawaelekeza anapokaa. Wasije wakati wa kulala mchana.

Nasubiri amri yako kabla ya mwezi kuonekana. Nisalimie watu wa ofisini kwako wote, mlinzi wa getini, dereva, na anayepika chai, huyo hasa. Kama una wazazi hai waambie Baharia wa Malindi anawaamkia shikamoo. Bi Tabia anakusalimu, au angekusalimu kama tungekuwa tunasemezana. Nusrat hajambo lakini si kweli.

Wako katika utii wa masharti,

Mahfoudh Wakil (Baharia)

Nyongeza: Jana nilipokwisha kutia saini, nikaisoma barua hii kwa sauti kuona kama inakwenda. Kumbe Bi Tabia alikuwa mlangoni tangu nilipofika kwenye halwa. Akaniuliza swali moja: "Mume wangu, katika hizo tatu, umekata ipi?" Nikamwambia bado, nalinganisha. Akasema, "Basi masharti ya nani unayoyafuata?" Mheshimiwa, nimetafuta jibu kwa lugha zote nnazojua, na ile ya Kijapani.

Hakunisubiri. Akafungua dirisha akapiga ukelele: "Talib!" Kutoka ng'ambo sauti ikajibu: "Naam!" Ndiyo mara ya kwanza niliisikia tangu siku ya Vespa. Akamuuliza na yeye kwa nini kanuna. Talib akatokeza, mwiko mkononi, akasema yeye hakununa hata kidogo, yeye anasubiri kibali! Vespa aliiweka mahali pa kulala gari yangu, anajua, na tangu siku ile anataka kuniomba radhi usiku na mchana, ameiandikia kampuni yake ya bima na hawajamjibu. "Si mumeo mwenyewe aliyetusomea barazani?" akasema. "Mara mbili kanirejelea!"

Basi nikaitupa kalamu nikapiga kelele samahani kutoka dirishani, naye akapiga ya kwake kutoka chini, na yule hakubali ya kwangu iwe ya mwisho na mimi sikubali ya kwake, mpaka watu wakatoka majumbani wakidhani tunagombana. Nilishuka bila ya viatu. Halwa ya kuonjea ya harusi ameshaiweka motoni, Nusrat anapiga simu Bwejuu na hasikiki anachosema kwa kulia, na mimi nimekula pilau ya jana yote na nimeisifu uongo mtupu.

Yote niliyoyaandika juu yafute. Usiwalete wakurugenzi, hatuna pa kuwaweka. Lile la Nadhira achukuliwe hatua lifute kwa wino mzito. Bima nimeikata asubuhi hii kwa Mlango wa Buluu, bima kubwa, kwa sababu mtu anayesema samahani kabla kikombe hakijatua ndiye nitakayetaka awepo siku nikigonga. Mkono wa kanzu umetoka mweupe kuliko ule mwengine.

Barua naituma hivyo hivyo, maana bahasha nshaiandika. Na kama nimekukosea humu ndani, kwa maneno au kwa kujua mengi, mwezi unatafutwa leo: nisamehe, Mheshimiwa. Sikuomba idhini ya mtu.